Siku Nne Zisizo na Wenyewe

Kabla hajakwambia karibu, alikuwa akikwambia nenda kanawe. Mara ya kwanza nilipoingia kwake nilidhani ananiona mchafu. Mimi ni muuguzi, nanawa mikono kliniki mpaka ngozi inachubuka, basi nikakasirika kidogo. Nikanawa hata hivyo. Akanipa taulo nyeupe, akanitazama nikikausha kidole kimoja kimoja, kisha akanusa hewa. "Umejipaka mafuta ya mikono," akasema. "Rudi ukanawe tena, mwanangu." Baada ya hapo ndipo nikaruhusiwa kukaa.

Tulimwita Jirani. Aliishi ghorofa ya tatu katika jengo letu la Fereej Bin Mahmoud, mjini Doha, mlango wa kutazamana na wetu, yaani mimi na Nabirye, Mganda niliyeshirikiana naye nyumba na aliyefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Lusail. Nilipojaribu kumwita Mzee alikataa katakata. Alisema wazee wako pale chini dukani, wanakunywa chai ya karak na kuyalalamikia magoti yao. "Mimi ni jirani yako. Niite hivyo, yatosha." Ikatosha. Mlangoni pake hapakuwa na jina, na wala sikuwahi kuuliza. Ukishazoea kumwita mtu kwa namna moja, kumuuliza jina lake baada ya miaka mitatu ni aibu.

Usiniulize alizaliwa wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, kitamu, na kilinifanya nione haya kwa changu cha Machakos. Kiarabu chake, waliokijua walisema, kilikuwa cha Aden. Alikuwa amekaa huku na huku, akaja Doha kujalidi vitabu na majarida ya ofisi fulani, akastaafu, akabaki. Mpangilio wa miaka hiyo sikuwahi kuushika, na yeye hakupenda kuusimulia.

Alichopenda kusimulia ni vitabu. Alikuwa na kabati la kioo, na ndani yake vitabu arobaini na kitu vya ibada vya Mayahudi: vitabu vya sala, Zaburi, vitabu vya kusomwa mezani usiku wa Pasaka yao. Vingine vilikuwa vya chapa, vingine vimeandikwa kwa mkono. Vilitoka Sanaa, Baghdad, Kairo, na vingi zaidi vilitoka Aden. Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya Msahafu wake, na hivyo vingine vilipangwa chini yake. Hakuweka hata kimoja sakafuni. Ukiweka kikombe juu ya meza yenye kitabu, alikinyanyua kikombe na kukupeleka nacho jikoni, wewe ukimfuata kama umeshikwa sikio.

Alikuwa Mwislamu wa sala tano na funga za sunna, kwa hiyo watu walishangaa. Siku moja mlinzi wa jengo, Mkenya kama mimi, alimletea kifurushi, akaona yale maandishi, akashindwa kujizuia. "Sasa Mzee, wewe Mwislamu mzima, hivi vitabu vya Mayahudi vya nini?"

"Nawatunzia wenyewe," alijibu Jirani, akamkaribisha tende. Kwa kawaida tende ziliumaliza mjadala.

Hakuwa akinunua kila kitabu. Uzuri wa jalada haukumshughulisha, wala dhahabu, wala umri peke yake. Alitaka majina. Kitabu lazima kiwe na mtu ndani: mhuri wa kadhi wao, sahihi ya mfanyabiashara, mama aliyeandika siku aliyofiwa na mume. Huo mkondo wa wenyewe, kutoka mkono hadi mkono, aliuita silsila. Aliwahi kukirudisha kitabu kizuri mno cha chapa ya Livorno, Italia, ambacho muuzaji alikaribia kulia akikisifia, kwa sababu kilikuwa safi na hakikuwa na hata alama ya kidole. "Hiki hakikupendwa na mtu," alisema. Majina yote aliyanakili kwenye madaftari ya shule, yale ya mistari, pamoja na mahali kitabu kilipopitia na ni nani alikiharibu na vipi. Bei hakuandika. Nilipomtania kuhusu utitiri wa madaftari alinijibu kwa methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi nilikwenda kwake kila Ijumaa asubuhi, siku yangu ya mapumziko, kumpima sukari. Malipo yangu yalikuwa mahamri, ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuyala na aliyakaanga kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Baada ya kipimo alinifungulia kitabu. Tulikuwa na mchezo wetu. Yeye alifungua Zaburi, akanitajia namba, nami nikaisoma kwa moyo kwa Kiswahili cha kanisani kwetu huku kidole chake kikitembea juu ya herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Alijifunza herufi hizo peke yake ukubwani. Nikiruka mstari alinisimamisha. Mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani alinisahihisha Zaburi, na nilikubali, kwa sababu kila mara alikuwa sahihi.

Niliwahi kumkosea vibaya. Kuna kitabu kimoja cha Pasaka ambacho kurasa zake zilijaa madoa: divai, mchuzi, tone la nta. Siku hiyo yeye alikuwa akipika, mimi nikaona nimfanyie wema. Nikachukua kitambaa kibichi, kile tunachofutia ngozi kabla ya sindano, nikaanza na doa dogo la pembeni. Lilitoka vizuri sana. Nilikuwa nakwenda kwenye la pili aliporudi na sinia.

Hakupaza sauti. Aliweka sinia chini, akakaa. "Unajua umefuta nini?"

"Uchafu, Jirani."

"Umemfuta mtoto. Huu ndio ukurasa wa maswali, na maswali huulizwa na mdogo kuliko wote. Tone hilo lilimwagwa na mtoto aliyekuwa akisoma."

Alinifungia mlango wiki mbili. Sukari alikwenda kupimwa duka la dawa. Nabirye alicheka mpaka akashika mbavu. "Banange, umefukuzwa na muzee kwa sababu ya kuosha." Wiki ya tatu niligongewa mlango, sahani ya mahamri ikasukumwa mikononi mwangu, na sote wawili tukajifanya tumesahau. Ila kwenye daftari lake, nilikuja kuona baadaye, aliandika kwamba doa la ukurasa ule limefutwa na muuguzi jirani, kwa nia njema. Yale maneno mawili ya mwisho yalinigusa kuliko msamaha.

Ujanja wake katika kazi hiyo ulinishangaza daima. Muuzaji mmoja alimletea kitabu cha sala chenye sahihi ya mwanachuoni wao mkubwa wa zamani, na bei ikapandishwa kwa ajili ya sahihi hiyo. Jirani alivaa miwani, akainama juu ya ukurasa. Halafu akaniita. "Wewe una macho. Tazama tundu hili la mdudu." Mdudu alikuwa ametoboa ukurasa, na mkia wa herufi moja ulipita juu ya tundu. Nikaona wino umeingia ndani ya tundu na kulowa ukurasa wa chini yake. "Mdudu alikula kwanza," alisema, "sahihi ikaja baadaye. Huyo mwanachuoni alikuwa kaburini zamani." Alimrudishia muuzaji kitabu kwa adabu zote, akamuuliza hali ya watoto, akamsindikiza hadi kwenye lifti. Kisha akacheka peke yake mchana kutwa.

Asidhaniwe kuwa mtakatifu. Alihubiri utulivu, lakini mpira ukichezwa redio yake ilisikika mpaka ghorofa ya tano. Aliwasema wauza vitabu kuwa ni wezi watupu, na kutwa alikuwa akitumiana nao ujumbe wa sauti, akiwaita habibi. Chakula alikugawia mpaka cha kesho, ila kitabu hakukuazima hata ukikalia kiti kile kile na yeye akikutazama. Na aliposema kwamba anawatunzia wenyewe, ukweli ni kwamba wenyewe wakitokea ilikuwa taabu. Maktaba moja ilimwandikia kwa heshima kuomba picha za kitabu kimoja tu. Aliikalia barua hiyo miezi mitano.

Niliyajua hayo yote kabla sijalijua lile lililo chini yake. Wahenga walisema mwenye kovu usimdhani kapoa, nami kwa kazi yangu nilipaswa kulijua zaidi ya wengine.

Ijumaa moja mikono yake ilitetemeka kuliko kawaida. Alishindwa kufungua kopo la majani ya chai, akanipa mimi. Lilikuwa kopo kuukuu, na ndani yake hamkuwa na majani ya chai. Mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha vipande vinne vya karatasi, vyembamba kama utepe, urefu wa ukurasa. Kwenye kila kimoja palikuwa na maneno machache ya Kiebrania kwa wino wa kahawia, yaliyoanza katikati ya herufi, kama yamekatwa.

"Yamekatwa," alisema. "Nilikata mimi."

Alikuwa kijana wakati huo, Aden, ameshaanza kuitwa fundi na ameanza kuliamini jina hilo. Mama mmoja wa Kiyahudi, mke wa sonara, alileta kitabu cha sala kilichoachia uzi. Walikuwa wanahama, mizigo imefungwa, alikitaka siku ile ile. Jirani alikishona upya, akakitia jalada la ngozi, na kwa kuwa alitaka kazi ipendeze, akakibana na kuzisawazisha kingo kwa kisu, kama walivyofanya mafundi wote wakati huo. Kikatoka kimenyooka. Mama alikipokea, akakifunga kwenye kitambaa, akaenda. Jioni, akifagia vipande, Jirani akaona wino.

"Karatasi za mwanzo zilikuwa zimejaa majina ya mababu," aliniambia. "Sonara hakuwa na nafasi ya wanawe, akawaandika pembezoni mwa kurasa za mwisho. Sikufunua hizo kurasa. Fundi mzima, sikufunua." Alikimbia hadi nyumbani kwao kesho yake asubuhi, akakuta kufuli.

Kiebrania huanzia kulia kama Kiarabu, kwa hiyo kisu kilichukua miisho ya mistari. Majina ya watoto yalibaki kitabuni kwa kina mama yule. Siku walizozaliwa zilibaki kwenye kopo la Jirani. Ndiyo maana alijifunza zile herufi, ili ajue amekata nini. Na ndiyo maana alianza kununua vitabu vya Aden, akitafuta kimoja tu chenye kingo zilizokatwa kwa kisu chake; vingine arobaini alivipata njiani, akavipenda. "Nina siku nne zisizo na wenyewe," alisema. "Na mimi sina miaka mingi."

Nilimwambia jambo jepesi: tuvipige picha, tuviweke kwenye kundi la mtandaoni la familia zilizotoka Aden. Nililitafuta simuni hapo hapo, likapatikana. Alikataa. Nikarudia Ijumaa iliyofuata, akakataa, na nyingine. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba mtu anaweza kukitafuta kitu kwa moyo wake wote na wakati huo huo kuogopa kuonekana akikitafuta. Alikuwa anaogopa mtu mmoja, yule atakayesoma na kuuliza: ni fundi gani huyu?

Kisha binti yake akamchukua akaishi naye Umm Salal, nje ya jiji, kwa sababu ya miguu. Siku ya kuhama vitabu vilivishwa shuka safi kama watoto wachanga, na mimi nikabeba kopo. Kwenye gari akaniambia bila kunitazama, "Haya. Piga hizo picha zako." Nilitaka kumkumbatia. Nilimwambia tu sawa, Jirani.

Jibu lilikuja wiki tano baadaye, kutoka kwa mwanamke wa London. Aliweka picha ya ukurasa wenye mstari wa wino wa kahawia uliokatika ukingoni. Nilikuza picha yake, nikakuza na yetu. Nusu ya herufi yake na nusu ya yetu zilikuwa herufi moja. Nilikuwa zamu, nikalazimika kwenda kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Alipitia Doha akienda kumtembelea mwanawe Australia, na aliomba ndege zake ziachane kwa saa nyingi. Nilimchukua uwanjani saa tano asubuhi. Alikuwa mama wa umri, mdogo wa mwili, mwenye mkoba alioukumbatia kifuani njia nzima mpaka Umm Salal. Jirani alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Alisimama kwa shida, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimkaribisha mtu bila kumtuma akanawe. Mama akanawa mwenyewe. Aliona beseni, akaona kabati, akaelewa.

Walizungumza Kiarabu cha Aden, na Jirani alinitafsiria aliyoyasema. Alikiri mwanzo mpaka mwisho. Hakusingizia haraka ya mteja wala desturi ya mafundi. Kisha akamsukumia bahasha na kuweka mikono magotini.

Mama alikitoa kitabu mkobani, akasoma kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hao walikuwa kaka zake wawili na dada yake, na wote wameshakufa. Cha nne alikisoma mara mbili.

"Hiki ni changu," alisema, sasa kwa Kiingereza ili na mimi nielewe. "Siku ya pili baada ya Pasaka kwisha. Karani wa uhamiaji alipoona hatuna karatasi alituandika wote tarehe mosi Januari. Sote wanne. Mama alituokea keki moja."

Nami kliniki naandika wagonjwa wa mosi Januari kila siku, Wasomali, Wasudani, na hata mjomba wangu kule nyumbani aliandikwa hivyo. Sikuwahi kufikiri kwamba siku yao ya kweli iko mahali fulani.

Jirani aliuliza kitu kwa sauti ndogo. Mama akatikisa kichwa. "Anauliza kama baba alikasirika. Baba alijilaumu mwenyewe kwa kuandika ukingoni. Na kila mwaka alilisifu jalada. Angalia, halijaachia hata uzi." Akalipapasa lile jalada la ngozi. Jirani alifunika uso kwa kiganja na kulia, nasi tukamwacha alie. Halafu mama akatazama saa. "Gundi yako inachukua muda gani kukauka? Ndege yangu ni saa mbili usiku."

Gundi ilikuwa tayari, ya unga wa ngano, ameipika tangu alfajiri. Mikono ndiyo haikuwa tayari. Aliijaribu mara moja, kipande kikatetemeka hewani, akakirudisha. Akanigeukia. "Wewe hufunga vidonda."

Basi nikaviunga mimi, kwa kibano changu cha kliniki, yeye akiwa begani kwangu. Gundi kidogo. Kidogo zaidi. Karatasi nyepesi kwa nyuma, kama unavyoshika kidonda kwa utepe bila kukivuta. Usibonyeze, kiache kikutane chenyewe. Herufi ya kwanza ilipokutana na nusu yake, mama alilitaja jina la kaka yake pamoja na siku yake kwa pumzi moja. Akafanya hivyo mara nne. Jirani alikuwa akinong'ona naye, kwa sababu siku hizo alizijua kwa moyo miaka sitini.

Tulipokuwa tunangoja vikauke aliomba ruhusa ya kuandika mstari mmoja nyuma, kwa penseli, ili silsila iwe kweli. Mama alimpa kalamu ya wino. Aliandika kwa Kiarabu, polepole, mkono wa kulia ukishikwa na wa kushoto: kitabu hiki kilikatwa Aden na fulani, kikaungwa Umm Salal na fulani. Alipofika kwangu alisimama, akanitazama kwa haya.

"Mwanangu, jina lako kamili ni nani?"

Nikamwambia. Miaka minane, naye pia hakuwahi kuuliza.

Herufi za Kiarabu nazisoma kama mtoto wa darasa la pili, kwa kidole. Nililisoma langu, nikapanda mstari, nikalisoma lake, la baba yake na la babu yake. Hapa sitalitaja. Lipo London, ukurasa wa mwisho, chini ya siku nne, na mwenye kitabu analijua.